Babu Yako Hataki Kukaa

Barabara ya Kituo cha Reli,
Horodka, Saskatchewan.
11 Februari 2016

Mpendwa mjukuu wangu Oksana,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye theluji yetu hadi huko Uswidi kwenye theluji yenu. Kichwa kinaendeleaje? Nakuuliza hilo kabla ya jambo lolote, na nataka jibu la kweli, si lile unalompa kocha. Unapata usingizi? Mwanga bado unakuumiza? Mimi ni mzima, ila goti hunilalamikia kila nikipanda ngazi. Mke wangu Nadia hajambo. Anakanda unga hapa mezani, ndiyo maana utaona alama ya kidole chake pembeni ya karatasi.

Ningekupigia simu, lakini umesema simu zinakutia kizunguzungu. Kaka yako Taras anapanda ndege kesho kuja kwako, naye atakukabidhi barua hii mkononi.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unasema Jumamosi ya tarehe 23 Januari, kwenye mechi yenu ya magongo ya barafuni, kile kisahani kigumu cha mpira kilikupiga nyuma ya sikio la kulia, chini ya ukingo wa kofia yako ya barakoa, na kwamba ni mara ya tatu kuumia kichwa. Daktari amekuruhusu mazoezi mepesi tu. Kocha anakutaka golini mechi za mtoano zitakapoanza, na wewe unafikiria kumficha daktari maumivu yako. Halafu umeandika kwa furaha iliyonitoa jasho: "Babu, siku hizi nakiona kisahani kabla hakijapigwa. Mazoezini hakuna anayenifunga." Umeniuliza kama kaka yangu Stefan, babu yako mzaa baba, aliwahi kuwa na hali hiyo alipokuwa kipa.

Aliwahi. Nivumilie nikueleze taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa shule.

Wachezaji wote wanaliona goli lao wakitaka. Kipa peke yake hukipa mgongo kile anachokilinda. Ndiyo maana hugonga nguzo kwa gongo lake, kushoto kisha kulia, ajue goli bado liko nyuma yake. Wewe unafanya hivyo hivyo, nimekuona. Stefan alizigonga kwa nguvu kiasi kwamba katika uwanja wetu wa kuta za mabati mlio ulifika hadi barabarani.

Alidaka uso wazi, kama makipa wote wa wakati ule. Pua ilivunjika, meno yakatoka, akaendelea. Kisha kisahani kikampiga kwenye kipaji cha uso, akalala siku kadhaa katika chumba chenye giza, na aliporudi golini hakuna aliyeweza kumfunga. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kumtazama. Padri alimtaja kanisani. Mimi nilisimama nyuma ya goli lake majira yote yale ya baridi, na nakwambia nilichosikia: mlio wa glavu ikifumba ulitangulia mlio wa gongo la mpigaji. Nimefundisha mwendo wa sauti maisha yangu yote, Oksana. Hilo sina maelezo yake.

Mwisho wa msimu, mchezo ukiwa kwenye kona ya mbali kabisa, wachezaji wote huko, Stefan alipiga magoti peke yake, akachomoa mkono, akadaka. Akainuka na kumnyooshea mwamuzi glavu.

"Umeshika nini, Hrynko?" mwamuzi akamuuliza.

"Kisahani. Kwani wewe huoni?"

Glavu ilikuwa tupu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Stefan, kaanga hicho ulichodaka, uje utugawie!" mtu akapaza sauti.

"Mwacheni! Kipa wetu anadaka hata mbu wa mwezi wa saba humu barafuni!"

Yeye hakucheka. Aliitazama ile glavu. Akagonga nguzo, kushoto, kulia, kisha akafanya jambo ambalo sijaona kipa akilifanya: akageuka taratibu na kuchungulia ndani ya goli lake mwenyewe.

Nilimuuliza tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani.

"Nyuma yangu kuna msichana," alisema. "Amevaa barakoa ya kipa. Wanampiga yeye, Ostap, si mimi."

Wakati huo baba yako alikuwa hajazaliwa. Hapakuwa na msichana yeyote golini katika miji yetu, na barakoa ya kipa hatukuwahi kuiona.

Stefan hakucheza tena. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe utotoni: ule mkono wake wa kushoto uliokuwa ukiruka ghafla mezani na kumwaga supu. Wewe ulidhani anakuchezea, ukawa unacheka. Hakuwa akicheza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Unajua kule kwenye nyumba ya wazee babu yako haongei sana. Jumamosi ile ile, wakati wa chakula cha mchana, ambao huko kwenu ni saa za mechi ya jioni, aliinuka ghafla, akaanguka kwa magoti kando ya meza na kujitupa upande wa kulia. Nesi Marivic ndiye aliyenisimulia.

"Nikamwambia, 'Mzee wangu, utavunjika nyonga!' Akanishika mkono, analia. Akasema, 'Nimechelewa. Kimenipita, kimempata nyuma ya sikio.'"

Alinisimulia hayo kesho yake, Jumapili. Barua yako ilikuwa bado njiani.

Sikulazimishi kuamini. Mambo mawili yanaweza kutokea siku moja bila kuhusiana, hata mimi nilifundisha hivyo. Lakini hili halihitaji imani: ubongo uliopigwa mara tatu hauwi mpya, na macho yanayoona mapema leo, kesho yataona visivyokuwepo. Nimeishi na mtu aliyepita njia hiyo.

Jana nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba chake, magoti yamekunjwa, viganja wazi, uso kwenye ujia. Alikuwa akigonga fremu ya mlango kwa mkongojo, kushoto, kulia. Wakimlaza, anaamka na kurudi pale pale. Miguu imevimba.

"Kaka, kaa," nikamwambia. "Mechi imekwisha zamani."

"Kwako wewe. Kuna kingine kinakuja."

"Utakaa lini basi?"

"Yule msichana akitoka golini."

Nilichungulia nyuma yake. Palikuwa na kitanda na dirisha lililofungwa. Nyumba ile ina joto hadi wauguzi huvaa mikono mifupi, lakini pale mlangoni ubaridi wa barafu ulinipiga usoni.

Mwambie daktari ukweli wote, mwanangu. Kisha Taras apige simu, na Marivic atamwekea babu yako sikioni. Mwambie kwa sauti yako kwamba umetoka golini. Mimi nimejaribu kumwambia, akagonga fremu tu.

Baba yako Roman anakusalimu, shangazi yako Lesia pia, na Nadia anakutumia soksi za sufu kwa mkono wa Taras. Mungu akufunike kichwa chako, akupe usingizi usio na ndoto.

Fanya haraka. Yule mzee amechoka, naye hatakaa kabla yako.

Ni mimi nikupendaye daima,
Babu yako mdogo,
Ostap Hrynko