Mwendo wa babu

Biubwa, siamini. SIAMINI.

Si unamjua yule rafiki wa babu, mwigizaji wa Kimarekani aliyekaa kijijini kwao Marui enzi za Mwingereza? Aliyekuwa akimfuata babu nyumanyuma hadi shambani?

Leo nimempata YouTube. Tukamwekea babu hapa Kibaha, ukoo mzima sebuleni.

Jamaa anaigiza mlevi anayechechemea. Tulicheka mpaka machozi shoga!

Babu akainuka kwenda kuzima TV. Mguu uleule. Bega linashuka vilevile.

Nikaitazama TV, nikamtazama babu.

Kumbe kule kumfuata alikuwa anamwibia mwendo! Nimesoma, huo mwendo ndio uliompa jina huko kwao. Filamu zote, mpaka anakufa!

Babu ameuliza kitu kimoja tu: “Na huko kwao walicheka hivi?”