Ng???ombe

Kwa Kaka,

Nakusalimu kwa sababu Mama alitufunza adabu, si kwa sababu moyo unataka. Natumaini u mzima. Sisi huku miili haijambo, ila Baba hatoki chumbani.

Unajua sababu. Kile kitabu cha ufugaji kilipotoka na kila ng’ombe ameandikwa ng???ombe, mwenye kiwanda cha uchapaji aliita kikao, akasema macho ya msahihishaji wake, Baba, yamechoka. Wewe, fundi wa kompyuta zao, ulikaa pale ukitikisa kichwa kama mfiwa. Baba akaomba radhi mbele ya vijana aliowafundisha kazi, akaacha kazi mwenyewe. Sasa hata gazeti ananiomba nimsomee, ati hajiamini tena.

Sikuridhika. Kurasa zile nilizipanga mimi, na kwenye skrini kila ritifaa, ile alama ya ng’, ilikuwa mahali pake. Nikajifunza hayo mambo yako unayoyafanya siri ya ukoo. Kumbe si makubwa! Kompyuta hupewa jina la kuiambia itumie lugha gani na herufi za mfumo gani. Mtu akiingia mwenyewe, inapewa jina kamili. Lakini ile kazi inayojiendesha alfajiri kuandaa kurasa za mashine haikuambiwa kitu, ikabaki na jina la kawaida, C tupu, isiyojua zaidi ya a hadi z na alama chache za taipureta. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, yaani vipande vitatu vya kumbukumbu. C ikaona vitu vitatu isivyovijua, ikaweka alama tatu za kuuliza. Wewe ulijaribu kwa mkono, ukaona safi, ukasema kosa ni la binadamu.

Ningekuita mzembe, yakaisha. Lakini jana mwenye kiwanda aliniruhusu kuifungua ile kazi, nikakuta mstari umeongezwa: LANG=C.UTF-8, yaani C iliyofundishwa herufi zote, hata ritifaa. Umeongezwa kwa jina lako, asubuhi ya kikao. Uliingia kikaoni umeshatengeneza. Ulijua, Kaka, na ukamwacha mzee aombe radhi.

Nimemwambia Baba. Aliuliza kama huenda nimesoma vibaya. Nikamfungulia nakala kwenye simu aone mwenyewe. Akausoma ule mstari herufi kwa herufi, akasoma saa, akasoma jina lako. Kisha akasema laiti macho yake yangekuwa yamekosea kweli.

Wasalimie shemeji na watoto, hao hawana hatia. Wewe usikanyage hapa kabla hujamwambia mwenye kiwanda kwa mdomo wako.

Ni mimi, mdogo wako wa kuzaliwa tu.