Nguzo Aliyoigonga Kukhu

Mjukuu wangu Nafula,

Mimi babu yako natangaza rasmi, mbele ya ukoo mzima, kwamba jogoo wetu amehamia kwa jirani na hajatoa sababu. Wengine tuko salama hapa Busibwabo. Kukhu, nyanya yako, anakusalimu, ingawa jina lako nilimkumbusha mimi.

Umeniandikia kwamba huko unakosomea kuna picha mbili za ubongo. Moja huonyesha protini iitwayo tau ilipokusanyika, nyingine nyama ya ubongo ilipopungua, na mara nyingi nyama huisha palepale tau ilipotangulia. Unauliza, kama picha haiponyi, Kukhu apigwe ya nini?

Kukhu alipokuja na shangazi zake kutazama boma letu, akiwa msichana wa Malaba, aliona uzi wa udongo wa mchwa kwenye nguzo ya katikati ya nyumba.

"Nguzo hiyo ni nzima," baba yangu akasema.

Kukhu akaigonga kwa kidole, akasikiliza. "Ni nzima, mzee. Lakini mchwa washaijua njia. Msiitundikie mtama."

Shangazi yangu akaniuliza, "Kijana, umetuletea bibi au fundi?"

Wageni walipoondoka, baba aliuhamisha mtama kimyakimya.

Kwa hiyo apigwe picha. Nataka kujua ni kipi nisimtundikie tena. Kazi ya kupika nimeshaichukua mimi, na chai yangu hasahau kuisema vibaya.

Katika nyumba ile tuliishi miaka mingi. Kisha ikaanguka.