Mkaguzi Kanyoosha Mkono

Shoga, leo yamenikuta! Mkaguzi kaingia darasani kwangu, na andalio la somo nimelisahau nyumbani juu ya friji!

Nikabuni papo hapo. Nikawauliza watoto, "Kivuli ni kitu au si kitu?"

Wote, mkaguzi naye akiitikia kwa kichwa kule nyuma: "Si kitu, mwalimu! Hakishikiki!"

Yule msichana wangu asiyeona akasema taratibu, "Mimi sijawahi kukiona. Lakini nikiingia kivulini, ngozi yangu inajua. Nyinyi mnaokiona ndio mnasema si kitu?"

 

Mara mkaguzi kanyoosha mkono. Mkaguzi! Nami kwa kiherehere nikamwambia, "Shusha, mwenzako hajamaliza."

AKASHUSHA!!

Zamu yake ilipofika, akasimama wima: "Mwalimu, naomba kubadilisha jibu langu."