Mguu Uliosifiwa Bure

Ghorofa ya tatu, juu ya fundi viatu
Jumapili, 9 Machi 2025
Mwaka wa thelathini na tisa tangu nivuke mpaka

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu za moyo. U hali gani? Macho yanaonaje tangu utolewe mtoto wa jicho? Na shemeji, kifua chake kimetulia, au bado anakohoa makusudi ili apelekewe chai kitandani? Mimi sijambo, na safari hii neno hilo silisemi kwa adabu tu. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya kabati la vyombo.

Najua binti yangu alikupigia simu nilipoanguka bafuni, lakini alikueleza kwa haraka na kwa machozi. Nyonga ya kushoto ilivunjika. Madaktari walitia chuma, kisha wakanirudisha nyumbani mapema kuliko nilivyotarajia. Siku hizi si lazima uyafuate mazoezi hospitalini. Yanakufuata yenyewe mpaka chumbani. Nilipewa tableti na mkanda wa kufunga chini ya goti. Ndani ya mkanda mna kidude kinachohisi mguu unavyokwenda. Kwenye skrini anatokea mwanamke wa kuchorwa, anainua mguu, nawe unainua. Ukifanya sawasawa kengele inalia, na habari zinamfikia mtaalamu wa viungo huko hospitalini. Huyo ni msichana mwembamba wa sauti kali, nami nimempa jina la Kamanda.

Kengele ililia, Dada. Ililia asubuhi, ikalia jioni. Lakini nikitaka kusimama bila kushikwa, nyonga inagoma kama punda aliyechoshwa na mzigo. Binti yangu aliona sifa kwenye skrini, akamwona na baba asiyeweza kufika mlangoni, akaamini macho yake.

Jengo letu halina lifti. Yeye yuko kazini kutwa, na kunibeba hawezi. Ndipo mlipokubaliana, wewe na yeye, kwamba mwezi wa tatu ukiisha sijaweza kushuka ngazi na kuzipanda mwenyewe, niletwe kwako. Sikulaumu. Ulikipaka rangi chumba cha uani, ukatuma picha ya kitanda kilichotandikwa vizuri. Niliitazama picha ile, nikageukia ukutani.

Kamanda ndiye aliyetegua kitendawili. Alipiga simu ya video, akaniambia niegemeze tableti kitini nifanye mazoezi akiniangalia.

“Mzee, kovu la operesheni liko upande gani?”

“Kushoto.”

“Na mkanda umeufunga wapi?”

Nikatazama chini. Mguu wa kulia.

“Basi tuupongeze,” akasema. “Mguu ambao haujawahi kuvunjika umepona vizuri sana.”

Unaijua kazi yangu. Ujana wangu wote niliumalizia katika kiwanda cha uchapaji nikipanga herufi za risasi, ambazo kabla ya kupigwa chapa husomwa zikiwa zimegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Jicho langu likazoea kugeuza kila kinachonikabili. Waliomchora yule mwanamke walikuwa wameshamgeuza awe kama sura yangu kwenye kioo, ili mgonjwa afuate upande uleule bila kufikiri. Mimi nikamgeuza tena, mkanda ukaishia mguu wa kulia. Binti yangu alinionya siku ya kwanza, nikamjibu kwamba nilikuwa nasoma kinyumenyume kabla hajazaliwa. Ndivyo kilivyo kiburi cha fundi, Dada, hakina dawa ya kumeza.

Kazi ikaanza upya, na kengele ikanyamaza. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito kama wa kuazima. Nauinua kimo cha kitabu, jasho linanitoka, skrini inaniambia jaribu tena. Nilizikumbuka zile sifa za bure kwa uchungu. Siku kengele ilipolia kwa haki nilikuwa peke yangu, na sioni haya kukwambia kwamba nililia nayo.

Jana ilikuwa siku ya ngazi. Binti yangu alitangulia kinyumenyume akishika simu, Kamanda aione miguu yangu. Sheria yake ni moja: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mgonjwa. Mkono mmoja fimbo, mmoja chuma cha ngazi. Nilishuka kama mtu anayebeba mayai, hadi nikatokea barabarani, jua likanipiga usoni.

“Herufi,” fundi viatu akaniita bila kuinua kichwa, “nilishaanza kukiulizia chumba chako.”

“Utakingoja mpaka umalize kiatu changu cha mwaka juzi.”

Kisha nikapanda. Nilipofika juu binti yangu aliketi kwenye kidato cha mwisho, akavua viatu, akaniambia, “Baba, umenishinda.” Sijapata kumwona mtu akishindwa kwa furaha namna ile.

Sasa lililobaki, ambalo nimelizungukia tangu jana. Kwa miaka mingi niliwaambia watu, na wewe pia, kwamba nipo huku kwa sababu sina njia nyingine. Jana nilipokuwa napanda nilijua naelekea wapi. Nilikuwa naelekea kwangu. Kesho wananingoja kiwandani, kuna kurasa za kusahihishwa. Mama wa binti yangu amezikwa nyuma ya mtaa huu, na nitakwenda kumwona bila kuomba gari la mtu.

Kile chumba mpe mjukuu wako anayesoma, apate pa kutulia na vitabu vyake. Nisalimie shemeji, nisalimie kitindamimba wako ambaye namjua kwa picha tu, na umwinamie shangazi sikioni umwambie kwamba bado namkumbuka. Mola akuzidishie nuru ya macho, na akulaze salama kila siku. Mkija kunitembelea nitashuka kuwapokea mlangoni. Lakini mimi, Dada, sitarudi.

Mdogo wako akupendaye, leo kama zamani,

Herufi