Galaksi Uliyoichora Daftarini

Kaka yangu,

Leo ni siku ya kumi na moja tangu wakuchukue kwa gari la serikali kwenda Sumbawanga mjini, "kutoa maelezo". Mama huacha kupepeta ulezi kila gari linapopita barabara ya Mpui. Kazi yangu ni kuandika ninachokiona. Hiki nilikiona, sikukiandika.

Unakumbuka ulivyonifundisha galaksi ile? Ulikuwa na punje ya dengu kutoka duka moja la Chanji. Ulinionyesha bapa lake, kisha ukaigeuza nikaona ubavu: imetuna katikati, nyembamba pembeni. "Ndivyo ilivyo," ulisema. "Nyota zisizohesabika, ila haina mikono iliyojizungusha kama hii yetu." Ukanifungulia kitabu cha shule: doa jeupe lenye ukungu. Gesi yake karibu imekwisha, kwa hiyo nyota mpya ni chache mno. Zilizopo ni kongwe, nyekundu-nyekundu. Nuru yake imesafiri mamilioni ya miaka, na rangi za nuru hiyo zinaonyesha inazidi kwenda mbali nasi. Nikauliza kama bado ipo. Ukacheka. "Wewe mwandishi, unataka habari ya leo."

Ukaichora daftarini kwa ajili ya darasa la saba: nukta zimesongamana katikati, zinapungua kuelekea ukingoni, na mshale unaotoka nje. Chini yake ukaandika: "Zilizopo kongwe. Mpya hakuna. Inatukimbia."

Wiki hiyohiyo tulihamishiwa hapa, kwenye kijiji kipya cha nyumba zilizopangwa mistari minyoofu. Tulipokuwa tunashusha mizigo, daftari likaanguka. Mwenyekiti wa kijiji aliliokota, akalifungua mbele ya watu.

"Mwalimu, ramani ya kijiji tumepewa na wilaya. Hii yako ya duara umepewa na nani?"

"Hiyo si ramani, mzee. Ni nyota."

"Nyota zina mshale? Hawa wanakimbilia wapi?"

Watu walicheka. Na wewe ulicheka, nadhani hicho ndicho kilichomkera. Akanigeukia. "Wewe wa gazeti umetembea. Hii unaijua?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

Nilikuwa nimetumwa kuandika kwamba watu wanahamia vizuri. Niliogopea kibarua changu. Uliniangalia mara moja, kisha ukainamisha macho. Hukuniumbua. Baada ya hapo ndipo gari lile lilipokuja kukuchukua.

Sijui wanakuuliza nini huko, wala unalala wapi. Kutoka mjini habari hutufikia baada ya siku tatu. Hata mtu akija leo akasema u mzima, atakuwa anasema ya siku tatu zilizopita. Nahesabu hivyo kila asubuhi, na hesabu hainitulizi.

Kesho nitapanda lori la mahindi. Kitabu cha shule nimekifunga kwenye kanga ya mama, pamoja na punje ileile ya dengu. Wataniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi, na sina jibu zuri. Huenda wakaniweka pamoja nawe. Nitaishika punje mbele yao, niigeuze kama ulivyofanya, niseme naijua.

Mama ameniuliza naenda kufanya nini mjini. Nimemwambia kazi.

Barua hii nitakupa mkononi, wakiniruhusu.

Mdogo wako,
aliyesema hajui