Kovu Lililoandikwa kwa Jina Langu

Dada yangu Salma,

Naanza na jambo lenyewe, kwa sababu nakujua: ukiona salamu ndefu utaiweka barua kando. Karatasi zako za uzazi hazikupotea. Ziko hapa Johannesburg, kwenye hospitali ileile uliyomzalia Zaina, na zina jina langu. Nimezisoma. Ndani yake kuna jambo ambalo wewe hulijui, wala mimi sikulijua mpaka mwezi uliopita, na linahusu namna utakavyojifungua mtoto uliye naye tumboni sasa.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu umeacha kupokea. Majina nimeyabadilisha yote, lako, la mtoto na langu, lakini utajijua. Na kama hutaisoma wewe, ataisoma mwingine aliyefanya kama tulivyofanya. Huku tuko wengi.

Unakikumbuka chumba chetu cha Malvern, kile cha uani, ambacho ukifungua dirisha unasikia wauzaji wote wa Jules Street kwa pamoja? Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, najifunza kupima macho. Wewe ulikuja na shemeji na marobota ya kanga za kuuza Fordsburg, ukasema ni miezi miwili tu. Shemeji akarudi Tanga kufuata mzigo mwingine, kibali chako kikaisha, na mimba ikawa na miezi minne. Kliniki hukutaka hata kuisikia. Ulikuwa umeambiwa kwamba getini wanasimama watu wanauliza vitambulisho.

"Wataniuliza karatasi," ulisema. "Nitawapa nini, kanga?"

Tulicheka, lakini siku zilikuwa zinakwenda. Mama Furaha, yule msusi wa Bukavu aliyepanga chumba cha mbele, ndiye aliyepata ufumbuzi. Alikuwa anakusuka, kichwa chako kimelala mapajani mwake.

"Weye unaogopa bure," alikuambia. "Mudogo yako iko na karatasi. Munafanana. Vaa mutandio, enda na jina yake. Huku bantu banaazimanaka jina, iko kawaida."

Uliinua kichwa kutoka mapajani. Ulinitazama tu kwenye kioo. Nikaenda kwenye vitabu vyangu, nikatoa kibali changu cha masomo, nikakupa kama mtu anavyompa mwenzake mwavuli. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilijua kabisa kwamba si halali, na hilo lilininyima usingizi. Kwamba ni hatari halikunijia akilini hata kidogo.

Siku ya kwanza kliniki tulikaa benchi la tatu kutoka mwisho. Karani akaita, "Rehema!" na mimi, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikasimama. Ulinivuta sketi nusura inivuke.

"Kaa chini wewe! Mimba umeipata wapi?"

Kisha ukainuka mwenyewe, mkono kiunoni, ukatembea kama bibi wa miaka themanini ili wasikutazame usoni. Nilicheka mpaka mlinzi akanikazia macho. Tangu siku hiyo, ndani ya lile jengo wewe ulikuwa mimi, na mimi nilikuwa mdogo wa Rehema anayembebea mkoba.

Nakiri kwamba nilifurahia. Nilijiona nakulea. Nilikukataza udongo, na wewe ukawa unauficha ndani ya pakiti ya biskuti. Ulikuwa ukiutafuna huku unanitazama machoni, unga mweupe mdomoni, unaapa hujala kitu. Vidonge vya kuongeza damu tulivimeza vibaya. Nasema tulivimeza kwa sababu nilikuwa nakusimamia. Kila asubuhi nilikupa na chai nzito ya maziwa, mpaka muuguzi akatuambia kwamba chai inazuia madini yasiingie mwilini, bora maji na chungwa. Mimi msomi wa nyumba sikulijua hilo. Ulinitania wiki nzima: "Daktari, na maji nayo ninywe na nini?"

Halafu ukaanza kuumwa kichwa. Miguu ikajaa, pete ikagoma kutoka. Ulisema ni joto, na kweli ulikuwa mwezi wa Januari. Siku moja, saa tano asubuhi, unachambua mchele, ukasema, "Rehema, mbona naona vimulimuli?" Kwa mara ya kwanza elimu yangu ilikufaa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mjamzito anayeona vimulimuli macho yake ni mazima, tatizo ni presha. Mchele ukabaki kwenye ungo. Hospitali walikupima mara mbili, wakapima na mkojo, na kabla ya saa tisa walikuwa wamekupasua. Zaina alikuwa wa miezi saba. Nilimwona kwanza mimi, mdogo kama mkate, na nilipoulizwa mama yake ni nani, nikataja jina langu.

Ulimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki nyingi. Mkapona wote wawili. Mkarudi Tanga. Kwangu mimi jambo likawa limekwisha salama, na kitu kikiisha salama mtu hakirudii kukikagua.

Sasa nije kwenye mimba yangu.

Nilipoijua ilikuwa na wiki saba. Ushauri wa kwanza anaopewa kila mjamzito ni kuwahi kliniki, mapema iwezekanavyo, apimwe damu, presha na mkojo, aanzishiwe kadi. Nimekuwa nikiwaambia hivyo wateja wangu wa duka la miwani, wanawake wanaokuja kupima macho wakiwa na matumbo yao. Mimi mwenyewe sikwenda. Mume wangu alidhani naona aibu. Mama kwenye simu alisema nimefanya vyema, mimba changa haitangazwi. Ukweli ni kwamba niliogopa faili. Nilijua kuna mahali kwenye kompyuta yao imeandikwa kwamba Rehema ameshazaa.

Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa kumi. Mama Furaha, ambaye bado yuko Malvern na sasa ana saluni yake, ndiye aliyenishika mkono.

"Tumbo inatoka, na weye uko unangojea nini? Mupaka itembee yenyewe iende kliniki?"

Nilikwenda nikiwa na wiki ya kumi na nane. Karani akaandika jina, akaandika namba, akaniambia, "Ulishawahi kuja." Hakuwa na shaka yoyote. Wiki mbili baadaye faili lilikuwa limeletwa kutoka hospitali, na muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyolegea inayomteleza puani, alilisoma mbele yangu ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, sikiliza vizuri," alisema. "Wewe hupaswi kuingia kwenye uchungu. Utapangiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Ukisikia maumivu kabla ya tarehe, usingoje, njoo siku hiyohiyo. Kovu la ndani linaweza kufunguka. Likifunguka tunaweza tusimpate mtoto, na wewe tusikuwahi."

Dada, miezi miwili kabla ya siku hiyo ulinipigia simu. Nayakumbuka maneno yako yote. "Wameniangalia kovu. Wameuliza karatasi, nikawaambia zilipotea. Wamesema kovu limelala vizuri, naweza kujaribu kawaida. Safari hii nazaa mwenyewe, Rehema. Nazaa kama Mama." Ulikuwa na furaha ambayo sijakusikia nayo tangu tupige simu kuwaambia nyumbani kwamba Zaina anapumua.

Kwa hiyo nilimuuliza muuguzi, kana kwamba tumbo lile ni langu, "Lakini kovu si limelala?"

"La nje limelala," alisema. "La ndani limesimama. Mtoto alikuwa hajafikisha miezi, mji wa mimba ulikuwa haujatanuka kwa chini, wakalazimika kukata wima. Huwezi kuliona kwa kumtazama mtu. Linaonekana hapa tu." Akagonga karatasi kwa kidole. "Hukuambiwa?"

Huenda uliambiwa. Uliambiwa kwa Kiingereza, siku ya pili baada ya kupasuliwa, ukiwa na homa, na mimi mkalimani wako nilikuwa kwenye dirisha la wodi ya watoto njiti, namtazama Zaina. Nimelifikiria sana hilo.

"Panda kitandani nikuone," akasema.

Nikapanda. Akainua blauzi, akashusha sketi kidogo, akaninyooshea taa.

"Eish," alisema. "Mama, kovu liko wapi?"

Nataka ujue kwamba nilifikiria kudanganya. Nilifikiria kusema limefifia, kwamba sisi ngozi yetu hupona vizuri. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Niliona kibali changu, kazi yangu, miaka yangu yote hapa vikipotea. Kisha nikaona kwamba nikidanganya, faili litabaki langu, na wewe utaingia leba Tanga na kovu ambalo hakuna anayejua limekatwaje.

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akanyanyua faili. "Basi hili ni tumbo la nani?"

"La dada yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Tanzania. Ana mimba."

"Huko wanajua?"

"Wameona kovu la nje."

Akavua miwani akaifuta, na mimi nilikuwa nimeanza kulia. "Usilie," alisema, "hatuna muda wa kulia. Tulikuwa tunajiandaa kumpasua asiyehitaji, na anayehitaji anaambiwa asukume. Jina lake halisi ni nani? Nitajie herufi moja moja."

Nikamtajia. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa. Siku ile walinipima kila kitu upya, kama mgeni. Damu yangu si kundi lako, Dada. Wewe ni B, mimi ni O. Fikiria kama ningehitaji kuongezewa damu, na mtu mwenye haraka akaamini faili! Wanasema hupima tena kabla ya kumwongezea mtu damu. Namshukuru Mungu kwa wanaopima tena.

Niliandika maelezo kwa mkuu wa kliniki na kuyatia sahihi. Sijui yatanifikisha wapi. Hawajanifukuza, kila mwezi nakwenda, napimwa presha na mkojo, nameza vidonge vyangu kwa maji, nahesabu mtoto anavyocheza baada ya kula. Nina wiki ya ishirini na tano na presha yangu ni nzuri. Kuna siku naona haya kuwa mzima. Zaina, kwenye karatasi, bado ni mwanangu. Hilo nalo tutalinyoosha, lakini si la wiki hii.

La wiki hii ni lako. Kwa hesabu yangu umekaribia miezi minane. Nilikutumia picha za kurasa zile kwa simu. Ulizifungua, ukaniandikia, "Acha kunitia hofu, mimba haitaki maneno." Tangu hapo kimya.

Nakuelewa zaidi ya unavyodhani. Umesubiri miaka sita kuzaa mwenyewe. Najua kwenu wanavyomwongelea aliyepasuliwa, kana kwamba mtoto aliokotwa. Na najua ukiziamini karatasi hizi inabidi ueleze kwa nini zina jina la mwingine, kwa wakwe, kwa shemeji, kwa wauguzi waliokuandikia kadi. Waambie ni mimi niliyekupa. Ni kweli. Ulinitazama kwenye kioo tu. Aliyekwenda kukitoa kibali vitabuni ni mimi.

Daktari wa hapa ameandika barua kwa madaktari wa huko. Ina ukurasa mmoja. Inasema mimba ya kwanza ulipata presha, kwa hiyo ufuatiliwe kwa karibu. Inasema mkato wa ndani ulikuwa wima, kwa hiyo usiachwe uingie uchungu, upangiwe siku. Kichwa kikikuuma, ukiona vimulimuli, ukisikia tumbo linakaza au damu hata tone, usimngoje shemeji wala usimwite mkunga wa nyumbani. Nenda hospitali kubwa, na barua mkononi.

Imebebwa na mwanamke wa Tanga anayeuza vitenge Fordsburg, amepanda ndege jana. Atakuletea mlangoni kwako, na nimemwomba asiondoke mpaka uifungue. Juu ya bahasha kuna jina lako, herufi zote. Ni karatasi ya kwanza ya hospitali za huku iliyowahi kuandikwa jina lako.

Ipeleke, Dada. Kaa benchini nayo, na wakiita Salma, usigeuke kutafuta wa kumvuta sketi. Simama.

Mdogo wako,
aliyekuazima jina lake, na sasa anakurudishia kovu lako.